Kikaratasi cha historia mfukoni

Kama wewe ni mwanafunzi na vitabu vya historia vinakushinda kwa kukosa muda, jaribu hili. Usiku soma kurasa nne au tano tu, funga kitabu, kisha andika kwenye kikaratasi matukio mawili matatu bila kuchungulia. Kesho yake kikaratasi kikae mfukoni. Ukiwa kwenye foleni, au mnasubiri mwalimu aingie, kitoe ujiulize: hili lilizaa lipi?

Mfano, Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885. Chini yake, Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Chora mshale kati yake, na pembeni ya mshale andika sababu kwa maneno yako: utawala wa Wajerumani, kodi, watu kulazimishwa kulima pamba. Huo mshale ndio historia yenyewe. Miaka mitupu huyeyuka kichwani hata ukiikariri usiku kucha.

Na tafadhali, angalia kitabu kilichapishwa lini. Aliyeandika enzi za ukoloni na aliyeandika baada ya uhuru hawalitazami tukio kwa jicho moja, kwa hiyo nyuma ya kikaratasi andika pia nani anasimulia.