Kufunza mtaa na kampuni haki za binadamu kwa biashara

Usianze na vifungu vya sheria, watu watasinzia. Hapa Mombasa anza na mtaa wa Owino Uhuru: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, sumu ya madini ya risasi ikaingia hadi damu za watoto, na 2020 korti ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Hapo ndo ulete Katiba, kifungu cha 42 na 70, yaani una haki ya mazingira safi, na waweza kushtaki kwa ajili yake bila hata kuonyesha hasara uliyopata.

Kampuni ifunze kando kwanza, manake meneja akikaa hapo vibarua hawafungui mdomo (si utani), yeye muulize tu maji machafu yaenda wapi na jirani akiwa na malalamiko ampelekea nani. Kisha wakutanishe, ila si saa ambazo kina mama wako jikoni.