Somo: Kupaka nta na seramiki kwenye gari bila kuacha michirizi

Wakuu, salaam. Gari la kwanza nililolipaka lilikuwa jeusi. Nililipaka saa saba mchana, nje, hapa Dar. Jioni nikapita chini ya taa za kituo cha mafuta nikaona boneti ina mabaka, kama kioo kilichofutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia. Nikailaumu chupa. Kumbe bodi ilikuwa ya moto, na dawa nilikuwa nimeimwaga bila huruma.

Kwanza mjue mnachopaka. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi huko Brazil, haidumu sana kwa jua letu, lakini ukikosea unaifuta na kuanza upya. Seramiki, dawa ya maji inayokauka na kuwa tabaka gumu, hujishika na klia (tabaka angavu lililo juu ya rangi ya gari) na kukaa muda mrefu. Ikikauka vibaya, kuitoa ni kazi ya mashine na polishi. Anayeanza aanze na nta.

Hatua ya 1. Osha gari kivulini kwa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kausha mpaka kwenye viungio vya milango na chini ya vioo vya pembeni. Tone moja likishuka wakati unapaka, limekuharibia mlango mzima.

Hatua ya 2. Vaa mfuko wa mkate mkononi, upitishe taratibu juu ya boneti. Ukihisi vipunje, pitisha klei (donge laini kama udongo la kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi) yenye maji ya shampuu hadi pawe laini. Mikwaruzo midogo iondolewe kwa polishi sasa hivi, maana seramiki haiifichi, inaifungia ndani.

Hatua ya 3. Changanya spiriti ya asilimia 70 na maji nusu kwa nusu, futa bodi yote. Ukiacha mafuta ya polishi, seramiki itashika mafuta badala ya rangi.

Hatua ya 4, hapa ndipo wengi tunaanguka. Paka alfajiri, au jua likishapoa, chini ya paa. Weka mgongo wa mkono kwenye bodi: ukihisi joto, subiri. Fanya kipande cha sentimita 50 kwa 50 tu. Seramiki weka matone manne hadi sita kwenye sponji, ipake kwa kwenda na kurudi, kisha kwa kukatisha. Nta nayo iwe nyembamba kiasi kwamba unaiona kwa shida. Ukiiona nyeupe pee, umezidisha.

Sasa usikimbilie kipande cha pili. Inama, tazama kwa pembeni. Seramiki itaonyesha rangirangi kama petroli juu ya dimbwi. Hapo futa. Chupa hutaja dakika, lakini joto na unyevu wa pwani hubadilisha hesabu, kwa hiyo mimi naamini jicho kuliko saa. Tumia maikrofaiba (vitambaa laini vya nyuzi nyembamba) mbili: ya kwanza inabeba dawa iliyozidi, ya pili, kavu, inamalizia. Zigeuze mara kwa mara. Kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka pande mbili kabla ya kuhama.

Hatua ya 5. Seramiki isiguse maji kwa saa 24, wala shampuu kwa wiki. Wakati wa masika, kama huna gereji, ahirisha.

Matunzo ni mepesi: shampuu laini, na usisubiri siku ya kuosha kunguru akishaacha mzigo wake. Loweka kwa maji, kisha futa. Ukiusugua mkavu unakwaruza.

Maswali ya wadau

*Mkuu, nimeona mabaka ya seramiki saa moja baada ya kumaliza. Nifanyeje?*
Weka tone jipya juu ya baka, litalainisha la zamani, futa haraka. Ukikuta siku imepita, ni polishi, na kipande hicho unakipaka upya.

*Kijana wa kuosha magari ananipakia mafuta ya taa, gari linang'aa. Kuna ubaya?*
Kinachong'aa ni mafuta, kaka. Yanakusanya vumbi na yanaondoa nta uliyoilipia.

*Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Yanaacha alama nyeupe.*
Usiache yakauke yenyewe, futa mara moja. Alama mpya hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji mengi, kisha suuza. Za zamani zilizokula klia, siki haitoshi.

*Gari langu limepulizwa rangi wiki iliyopita. Nipake sasa?*
Hapana, dada. Rangi bado inatoa hewa ya thina. Muulize fundi aliyepuliza, ila usipungue mwezi mmoja.

*Vitambaa vya seramiki nafua nirudie?*
Vilivyofutia seramiki tupa. Dawa ikikauka ndani ya nyuzi inakuwa ngumu kama msasa. Vya nta fua kwa sabuni ya maji, bila kilainishi cha nguo, maana kilainishi nacho huacha michirizi.