Kutuliza Maumivu Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Goti na Sindano ya Ganzi

Mgonjwa anayepasuliwa goti kwa matundu madogo na kuruhusiwa siku hiyohiyo mara nyingi huchomwa dawa ya ganzi, kama vile bupivakeini, ndani ya kiungo chenyewe upasuaji unapomalizika. Ndiyo maana huondoka Muhimbili au kwingineko akiwa mchangamfu, hata akadhani magongo aliyopewa ni ya urembo. Nafuu hiyo ni ya saa chache tu. Aliyepasuliwa asubuhi huweza kushikwa na maumivu usiku, wakati duka la dawa la mtaani limekwisha kufungwa, kwa hiyo dawa zinunuliwe kabla ya kuianza foleni ya kurudi nyumbani.

Dozi ya kwanza imezwe ganzi ikiwa bado inafanya kazi. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, kawaida ni parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, vimezwe kwa kufuata saa katika siku 2 au 3 za mwanzo bila kusubiri maumivu yapande. Daktari akiongeza ibuprofeni au diklofenaki, tumia moja tu kati ya hizo, tena baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amweleze mapema. Soma pakiti kwa makini, kwa kuwa maduka yetu huuza vidonge vya diklofenaki vilivyokwisha kuchanganywa na parasetamoli, na mtu hujizidishia dozi bila kujua.

Barafu ya mfuko, ile inayouzwa na majirani, ifungwe kwenye kanga kavu na kuwekwa juu ya goti kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, bila kulowesha bandeji. Mama mkwe akija na beseni la maji ya moto ili akukande, mshukuru kwa heshima na umwombe asubiri, kwani joto katika siku hizi za mwanzo baada ya upasuaji huongeza uvimbe. Ukilala, mito ikae chini ya muundi na kisigino, mguu upite usawa wa moyo. Mto ukiwekwa chini ya goti, kiungo hukakamaa. Chezesha kifundo cha mguu mara kwa mara.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowatesa wengi. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, miguu yake ikiwa imara sakafuni, kinatosha.

Ukipata homa, usaha, maumivu yanayozidi licha ya dawa, uvimbe na maumivu kwenye shavu la mguu, au kifua kubana na pumzi kukatika, nenda hospitali usiku huohuo bila kungoja tarehe ya kliniki.