SOMO: Jibereliki kwenye figiri, sirudii tena

Wakuu, kila wiki napigiwa simu kwa swali moja: jibereliki inatumikaje kwenye figiri? Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Hii ni homoni (kichocheo cha ukuaji), si mbolea. Inaurefusha mmea tu, chakula chake utafute mwenyewe.

1. Panda, punguza miche, palilia. Mnajua.

2. Tanguliza yurea. Bila hiyo majani yanarefuka huku yamepauka.

3. KUPIMA. Hapa ndipo nilipoungua. Nilimwaga gramu 1 nzima kwenye ndoo ya lita 2, kwa macho tu. Hiyo ni miligramu 500 kwa lita! Matuta yangu yote yakasimama kama mtama, maua ya njano juu, majani machungu. Kusi ikavuma, yakalala chini. Pale sokoni Mikindani hakuna aliyeuliza hata bei. Sasa naweka gramu 0.4 kwa bomba la lita 20, basi. Unga huu hauyeyuki vizuri majini: ulainishe kwanza kwa spiriti kidogo, ndipo umimine. Usitumie maji ya moto wala ya magadi, yanaivunja homoni. Dawa uliyochanganya ikalala, mwaga.

4. Puliza jioni upepo ukitulia, mara moja. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zipo kwenye lebo.

MASWALI

Chuno Boy: Mkuu, bomba la lita 20 naweka kiasi gani?
— Namba 3.

Chuno Boy: Nimesoma haraka. Kizibo kimoja cha soda si sawa?
— Kizibo ni sawa na kupima kwa macho, na hayo ndiyo yaliyonitia hasara ya matuta yote. Soma.

Mama Ng'apa: Shikamoo kaka. Kwa nini mboga ikipata nyingi inachanua?
— Marahaba dada, swali zuri. Figiri ikiwa changa shina lake limekaa chini, majani yamezunguka. Homoni hii ndiyo inayoliamsha shina lipande, na maua hufuata. Wajapani waliigundua kwenye mpunga wenye ugonjwa, miche inarefuka mpaka inaanguka. Mwaka 1926 mtafiti wao Kurosawa alionyesha kuwa ni kemikali ya kuvu.

Mama Ng'apa: Kumbe! Na nikitaka mbegu zake, haradali ya achari?
— Hapo kuchanua si hasara. Tenga tuta lako.

Mzee wa Bomba: Bomba lililopuliza kiuagugu je?
— Usithubutu. Masalia kidogo tu yanakunja majani. Nunua lingine.

Fundi Saa: Gramu 0.4 unaipimaje?
— Kwa sonara. Mpelekee mboga, hatakutoza.