Kutambua na Kuwasha Injini za Zamani za Ndege za Mfano

Tazama kwanza kichwa cha injini: skrubu yenye mkono wa kuzungushia huashiria dizeli, plagi ndogo yenye waya uliosokotwa ndani huashiria injini ya methanoli, ilhali plagi ya cheche huandamana na swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme. Injini iliyokwama usiilazimishe kwa koleo, kwani mara nyingi ni mafuta ya nyonyo tu yaliyoganda, nayo hulainika yakipashwa moto kiasi. Dizeli hutumia etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo kwa viwango sawa. Propela ikigoma ghafla unapoizungusha, silinda imejaa mafuta, hivyo legeza ile skrubu ya kichwani, umwage yaliyozidi, kisha uikaze polepole. Injini ikishawaka, irekebishe ukiwa nyuma ya propela.