Jinsi ya kumuandika hawe (bibi yako) wa enzi za vita

Hapa kwetu Malindi zikifika sherehe za Mekatilili, yule mama aloongoza Wagiriama kupinga Waingereza, watu wanajazana pale kwenye sanamu, picha mbili tatu, alafu basi. Na nyumbani kuna hawe alopitia vita vyake hakuna hata anaemuuliza.

Anza na jina, ila lile la kitambulisho peke yake halitoshi. Mekatilili mwenyewe alizaliwa Mnyazi wa Menza, hili tunalomuitia alilipata kwa mwanawe Katilili, kwa hivyo andika la kuzaliwa, la mtoto, la utani, na nani alompa.

Alafu jamani usimuulize "ulifanya nini vitani", atakwambia sikufanya kitu mjukuu wangu, vita ni vya wanaume. Mimi nilijibiwa hivyo miezi. Siku moja nikamkuta anakuna nazi nikamuuliza tu, wanaume walivyochukuliwa KAR (jeshi la mkoloni, vita vya pili vya dunia) nani alikua anawalisha nyinyi, eeh, aliongea mpaka vifuu vikaisha: nani alibeba maji, nani alificha watoto, siku ndege za Mtaliana zilipotupa mabomu wao wakakimbilia msituni na mbuzi wao. Hiyo ndo kazi yenyewe ya vita ila yeye hakuwahi kuiita hivyo. Mekatilili na mwenzake Wanje walihamishwa na Waingereza mpaka Kisii, wakatoroka wakarudi pwani kwa miguu, na mimi hadi leo natamani kujua njiani walikula nini. Kwa hivyo uliza chakula kwanza.

Akichoka kusema muombe aimbe. Mwaka 1913 Mekatilili alikusanya watu kwa kifudu, ngoma ya msibani, sio kwa hotuba. Rekodi na simu lakini zima data na uweke mode ya ndege, mi nilipigiwa katikati ya wimbo na hakuurudia tena.

Miaka usimbane nayo. Muulize kabla au baada ya mabomu (hiyo ni Oktoba 1940), au mamake alisema kabla au baada ya Kaya Fungo, ule msitu mtakatifu wa Wagiriama, kulipuliwa na Waingereza, 1914, mwaka utautoa hapo mwenyewe. Akipingana na dadake andika maneno ya wote wawili, usiwe hakimu.

Ukimaliza msomee yeye kabla hujarusha kwa grupu la familia. Wangu, Mungu amrehemu, alisikiliza kimya mpaka mwisho, alafu akasema yote sawa, ila yule mbuzi hakua mweupe.