Oldboy: namna ya kuiangalia mara ya kwanza

Usisome habari zake popote. Hata muhtasari wa mistari miwili unaweza kukunyang'anya kitu ambacho hutakipata tena. Jua hili tu: ni filamu ya Kikorea ya mwongozaji Park Chan-wook, ya mwaka 2003, na ndani yake Oh Dae-su anafungiwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa kosa lake, kisha siku moja anaachiwa.

Watoto wakalale kwanza. Mna ngono, mna pweza anayeliwa mzimamzima angali hai, na kuna meno yanang'olewa kwa nyundo. Kwenye meno ukishindwa, fumba macho, lakini masikio usiyazibe: kinachopigwa pale ni muziki wa mtunzi Vivaldi, ule wa majira ya baridi, na utamu wake juu ya ukatili ule ndio unaotisha.

Sauti iache ya Kikorea, usome maandishi ya chini. Choi Min-sik, ndiye Dae-su, anaigiza kwa koo lake. Mlevi anayeropoka kituo cha polisi mwanzoni na yule anayetoka kifungoni ni kama watu wawili, na ukiweka sauti ya kutafsiriwa, kazi hiyo yote inapotea.

Ukifika kwenye pambano la korido, simu weka mbali kabisa. Kamera inatembea ubavuni tu, na kwa karibu dakika 3 haikatwi hata mara moja. Walirekodi siku 3 ndipo wakaipata. Wengi huhesabu walioanguka. Mimi nakuomba uyaangalie mabega ya Dae-su. Anahema, anaanguka, anainuka, kisu kimemkaa mgongoni na bado anasonga. Hata wale vijana wenye marungu wamechoka, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Tumezoea steringi asiyetoka jasho. Huyu kila pigo linamgharimu, na ndiyo maana nampenda.

Zile mandu (vitafunio vya unga vilivyojazwa ndani) za kukaanga anazolishwa kifungoni, zikariri. Si chakula tu.

Ikiisha, kaa nayo siku kadhaa kabla ya kuirudia. Safari hiyo muache Dae-su, umfuate Mi-do, yule mpishi msichana, tangu anapotokea nyuma ya kaunta ya sushi. Anamgusa Dae-su mkono, na mwanamume mzima anazimia palepale. Mara ya kwanza nilidhani ni njaa na uchovu.